Dakika Kumi na Moja za Diski ya Mainasi

Wewe uliyefungia sabuni gazeti la wiki jana kabla hujanisoma, kaa karibu nikupe kwa kifupi. Leo nina mengi ya kukiri, na nikianza kuzunguka nitaona aibu niache.

Mimi ni mpiga video wa harusi. Katika harusi ile niliyowasimulia, kazi yangu ilikuwa kumrekodi bibi harusi. Nikamrekodi mdogo wake. Dakika kumi na moja mfululizo, akiwa ameketi pembeni anashona pindo la shela lililofumuka. Binti huyu ni fundi nguo, nami humu gazetini namwita Cherehani, kwa sababu nikiliandika jina lake nasahau sentensi niliyoianza.

Wakati mimi nikishangaa, mkufu wa bibi yao ukapotea ukumbini. Mkufu ule, binti wa kwanza wa ukoo huondoka nao siku ya kuolewa. Msako ukaanza, na aliyekutwa amejikunyata chini ya meza ya keki ni nani? Ni mimi. Nilikuwa natafuta kifuniko cha lenzi, haki ya Mungu. Walinipekua mifuko yote wakapata vipande viwili vya keki. Mkufu hawakuupata, lakini tangu siku ile nikipita mtaani wanawake wanashika mikoba yao.

Kilichoniokoa ni Cherehani. Alimwambia mama yake kwamba mimi nina nia naye, na kwamba mwizi hawezi kuwa mjinga kiasi kile. Mama akanitazama, akatoa hukumu mbele ya watu.

"Kijana, video ije Jumamosi, saa kumi alasiri. Tutaitazama ukoo mzima pamoja na wakwe. Ikiwa safi, mjomba wako aje tuzungumze. Ikiwa na kasoro hata moja, mlango huu usahau."

Basi. Hapo ndipo tulipofika.

Sasa lazima niwaambie habari za vita vya studio, la sivyo hamtaelewa niliangamia vipi.

Studio yetu ni chumba kimoja nyuma ya kinyozi. Tuko wawili, mimi na binamu yangu. Katikati ya sakafu kuna mstari wa chaki. Upande huu ni wangu, upande ule ni wake, na ukitaka kwenda dirishani lazima uombe njia.

Tuligombana kwa sababu ya diski. Ndiyo, diski. Wengine wanagombania mashamba.

Hizi diski tupu za kuchomea video ziko za aina mbili. Kuna zenye alama ya kuongeza na kuna zenye alama ya kutoa. Ukizishika mkononi ni mapacha, uzito mmoja, mng'aro mmoja. Deki ndiyo inayojua tofauti, na kuna deki zinazokula aina moja zikaitema nyingine.

Mimi nilishika za kuongeza. Binamu akashika za kutoa. Mtaa ukatubatiza, mimi Plasi, yeye Mainasi, na hata mama zetu wakaacha kutuita kwa majina.

Mainasi alikuwa na hoja zake. "Diski yangu inacheza hata kwenye deki ya zamani iliyofungwa kamba," alikuwa akisema. "Yako inachagua kama bibi mwenye meno mawili."

Nami nilikuwa na hoja zangu, na hapa naanza kukiri. Hoja zangu zilikuwa za uongo. Nilikuwa nawaambia wateja, kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, binti yako anaolewa leo, kisha umpe diski yenye alama ya kutoa? Wewe unamtakia nini?"

Acheni! Walikuwa wanahama mstari wa chaki mbiombio. Shangazi mmoja alimrudishia Mainasi diski yake ikiwa imefungwa kwenye karatasi, akaiweka mezani kwa ncha za vidole. Mainasi akakaa wiki mbili bila mteja, ananitazama tu, anasafisha ile mashine yake inayochoma diski saba kwa mpigo.

Kukiri kwa pili, na naomba Mainasi asisome hapa. Deki yangu mimi mwenyewe, nyumbani, haisomi plasi. Haijawahi. Ni mainasi tu inayokula. Mimi, mhubiri mkuu wa plasi, nilikuwa naiba diski za mainasi kwenye droo ya binamu yangu akienda kunyolewa.

Moja ya hizo za wizi ndiyo niliyochomea harusi ile, nzima kama ilivyorekodiwa, pamoja na zile dakika kumi na moja. Hiyo ilikuwa ya kujitazamia mwenyewe chumbani. Ya wateja niliisafisha. Dakika zile nikazikata, nikaweka muziki, nikaweka maua yanayozunguka jina la bwana harusi, nikaichoma kwenye plasi, tena ile bora kuliko zote nilizokuwa nazo.

Zote mbili nikazitia begini. Ya kujitazamia sikuweza kuiacha nyumbani, kwa sababu dada yangu akiona kitu hakijaandikwa jina lake lazima akichokonoe.

Jumamosi, saa kumi kasoro tano, niko mlangoni nimevaa shati lililopigwa pasi mara tatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Vua viatu."

Sebule ilikuwa imejaa. Mama mwenyewe kaketi kwenye kochi kubwa, na gauni lake la kijani lenye vifungo vyeupe, lile lile la siku ya harusi. Lilishonwa na Cherehani, na mama alikuwa hakosi kumwambia kila mtu kuwa hakuna la pili yake. Pembeni yake alikaa mama wa bwana harusi, mwanamke wa maneno machache na yote makali. Nitamwita Kilemba, kwa sababu siku ile alivaa kilemba cha dhahabu kirefu hata aliyekaa nyuma yake alihama. Maharusi wenyewe walikuwa safarini. Walikuwapo mashangazi, majirani, na Mjomba, kaka yake mama, ambaye kazi yake katika nyumba ile ni moja tu. Anashika rimoti.

Cherehani alikuwa amesimama karibu na pazia. Akanikonyeza. 

Nikaenda kwenye deki. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na nilipokiondoa roho ikanipasuka. Ilikuwa ndugu ya deki yangu. Rangi ile ile, mlango ule ule unaotoka ukisuasua.

Nikaingiza plasi. Deki ikanguruma. Ikakohoa. Ikaandika kwamba ndani hakuna diski.

"Mbona inasema hakuna?" Mjomba akauliza.

"Inajipanga tu, Mjomba."

Nikaitoa, nikaipangusa kwa shati, nikaipuliza, nikairudisha. Ikanguruma, ikakohoa, ikakana tena.

Kilemba akajisogeza kwenye kiti. "Katika ukoo huu vitu vinapotea sana," alisema. "Juzi mkufu. Leo hata diski tunaiona kwa macho na mashine inasema haipo."

Watu wakaangua kicheko, kisha wote kwa pamoja wakaniangalia mifukoni. Nilitamani sakafu ipasuke.

Mjomba akainuka akaipiga deki makofi mawili ya nguvu. Haikubadili kauli.

"Samahani, napokea simu," nikasema, na simu yenyewe haikuwa imelia. Nikatoka nayo barazani, nikampigia Mainasi.

"Binamu, nisaidie. Nichomee ile harusi kwenye mainasi uniletee hapa kwa wakwe, upesi."

Nikamsikia anavuta kiti, anakaa vizuri.

"Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Sema mainasi ni bora."

"Binamu, hapa nakufa!"

"Ndiyo, utakufa. Sema."

"Mainasi ni bora," nikanong'ona.

"Hapa kinyozi kawasha mashine, sisikii."

"MAINASI NI BORA!"

Sebuleni mazungumzo yakakatika. Nikamsikia shangazi mmoja akiuliza, "Ni bora nani?"

"Sasa sikiliza," nikamwambia haraka. "Kwenye kompyuta kuna mbili. Choma ile fupi. Unanisikia? Fupi."

"Fupi. Ndani ya saa moja nitakuwa hapo," akasema, na sauti yake ilikuwa tamu mno kwa mtu aliyekosa wateja wiki mbili. Ningepaswa kuitilia shaka.

Niliporudi, Kilemba alikuwa amesimama, mkoba kwapani.

"Mimi nina kwangu," alisema. "Nimeitwa kutazama video. Video haipo. Na huyu kijana tunamjua."

Mama akanitazama. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyejua tangu mwanzo. Nikamwona Cherehani ameshika pindo la pazia, analiminya.

"Kijana," mama akasema, "katika begi lako hakuna nyingine? Hata ya majaribio?"

Hapo sasa, wasomaji wangu, ndipo nilipotakiwa kuchagua kweli. Kule studio nilikuwa nachagua kwa ubishi. Hapa mkono wa kulia nilikuwa na plasi, safi, ina maua, haina aibu hata chembe, na haichezi. Begini nilikuwa na mainasi, imejaa aibu yangu yote, na inacheza kama maji.

Nikapiga hesabu. Dakika za Cherehani zinaanza dakika ya thelathini na nane. Kabla ya hapo ni harusi kama harusi nyingine. Nitaomba rimoti mapema, ikifika thelathini na saba nitaruka mbele, nitasema kanda ilikunjana. Nani atajua?

"Ipo, mama," nikasema. Nikachagua mainasi.

Deki ikaimeza, ikatulia, na picha ikatokea angavu. Sebule nzima ikapumua. Kilemba akakaa.

Nusu saa ya kwanza nilikuwa mfalme. Kila jirani aliyejiona alipiga kelele. Shangazi mmoja alijiona anacheza akalia machozi. Mama akatikisa kichwa taratibu, akanigeukia, akasema, "Mkono wako umetulia." Nusura nimbusu Mjomba.

Dakika ya thelathini na tano nikamsogelea. "Mjomba, naomba rimoti nikusaidie sauti."

"Sauti naijua."

"Nikurekebishie rangi basi."

"Rangi iko sawa."

"Mjomba, rimoti hii naona betri zake zimelegea, nikaze kidogo."

Akaihamishia mkono wa pili, akaikalia.

Thelathini na sita. Nikasimama mbele ya runinga, nikajinyoosha kama mtu aliyekufa ganzi.

"Kaa chini wewe, hupenyezi mwanga!" wakapaza sauti.

Thelathini na saba. Nikanyoosha mguu taratibu kuelekea kwenye waya ukutani.

"Gusa huo waya," mama akasema bila kugeuka, "uone."

Thelathini na nane. Uso wa Cherehani ukajaa runinga nzima.

Mwanzoni watu walidhani ni picha ya kupita. Dakika moja ikaisha. Ya pili ikaisha. Cherehani anashona. Cherehani anakata uzi kwa meno. Cherehani anajikuna nyuma ya sikio.

Kisha ikasikika sauti. Nilikuwa nimesahau kabisa, jamani. Kamera ina maikrofoni, na maikrofoni iko karibu na mdomo wa mpiga video kuliko kitu chochote ukumbini.

"Ee Mungu wangu," sauti yangu ikanong'ona kwenye spika zote mbili. "Sikio lile."

Sebule ikalipuka.

"Nikimpata huyu," sauti ikaendelea, "kufua nitafua mimi. Kupika nitapika mimi. Hata kuzaa, wakinionyesha namna, nitajaribu."

Mashangazi walikuwa wanaanguka kwenye mikeka. Mjomba alikuwa anapiga paja lake kwa kiganja. Hata Kilemba alijifunika mdomo, na kilemba kinatikisika.

Nami nilijua kinachofuata. Nikafumba macho.

"Tatizo ni mama yake. Mama yake ana sura ya afisa forodha. Ukipita mbele yake unajikuta unafungua begi mwenyewe."

Vicheko vilizidi hadi jirani wa pili akachungulia dirishani. Nilikuwa nimekufa nikiwa hai. Nikafumbua jicho moja, nikamtazama Cherehani. Alikuwa amejifunika uso wote kwa mtandio, mabega yanatikisika. Analia, nikajiambia. Umemliza mtoto wa watu mbele ya ukoo mzima. Niliumia kuliko siku waliyonipekua.

Nikafumbua macho yangu mawili vizuri nimtazame mama, nipokee changu nimalize.

Mama hakuwa ananitazama mimi. Hakuwa anamtazama binti yake kwenye runinga. Alikuwa ameganda, macho yako kwenye pembe ya juu ya kioo, upande wa kushoto.

Nikatazama alipokuwa anatazama.

Nyuma ya sikio la Cherehani, mbali, pale kwenye meza ya zawadi, kulikuwa na mkono. Mkono ule ulifungua kisanduku chekundu. Ukatoa kitu kinachong'aa kikining'inia. Ukakitia ndani ya mkoba, ukafunga mkoba, ukarudisha kisanduku mahali pake na kukipangusa vumbi kidogo.

Mkono ulikuwa ndani ya shati la kijani, la mikono mirefu. Hapana, si shati. Mkono wa gauni. La kijani, lenye vifungo vyeupe.

Gauni hilo halina la pili yake, na lilikuwa limekaa kwenye kochi kubwa, hatua mbili kutoka kwangu.

Nilitazama dakika zile kwangu chumbani labda mara arobaini. Sikuwahi kuona kitu kingine chochote zaidi ya lile sikio.

Mama akainuka. Akamwendea Mjomba, akamnyanyua kwa kiwiko, akaichukua rimoti chini yake. Mashangazi waliniambia baadaye kwamba jambo hilo halijawahi kutokea katika nyumba ile. Akabonyeza, kioo kikawa cheusi.

"Video imekwisha," akasema. "Chai iko uani."

"Lakini ndiyo imekolea!" Kilemba akalalamika.

"Chai inapoa, mkwe wangu."

Wakatoka, wanacheka, wanarudia maneno yangu. "Hata kuzaa, wakinionyesha namna!" Cherehani akapita mbele yangu akashusha mtandio kidogo. Alikuwa hana chozi hata moja. Alikuwa amekufa kwa kicheko.

Mama akafunga mlango kwa ufunguo. Tukabaki wawili na deki.

"Umeitazama hii mara ngapi?"

"Kama arobaini, mama."

"Na hukuona?"

"Nilikuwa naangalia sikio."

Mdomo wake ukacheza kidogo, akauzuia. Akakaa. Mimi, kwa kweli, hasira zilinipanda, na sikuweza kuzimeza.

"Mama, mtaa mzima unaniita mwizi. Mama yangu mzazi ameacha kwenda kisimani kwa aibu. Na wewe ulikuwa umesimama pale wakinipekua!"

"Nilisimama," akasema. "Na usiku ule sikula. Unisamehe, baba."

Alivyoniita baba, hasira zikakosa pa kukaa.

"Mimi nilikuwa binti wa kwanza," akaendelea, sauti ya chini. "Nilivishwa mkufu ule. Mdogo wangu alinishonea gauni siku nne, vidole vimejaa matundu ya sindano. Alipoolewa yeye, alitoka mikono mitupu. Hajanisemesha hadi leo, na sote tuna mvi. Siku ya harusi nikamwona huyu wangu wa pili ameinama anashona pindo la dada yake, vile vile, pembeni vile vile. Mkono ukaenda wenyewe. Nikasema safari hii mkufu hauondoki. Namwekea huyu. Namwekea huyu wako."

Huyu wako! Maneno mawili niliyoyasubiri miezi minane, na nayapata nikiwa nimefungiwa ndani na mwizi wa mkufu.

"Basi waambie watu, mama. Waambie kama ulivyoniambia."

"Nimwambie yule mwenye kilemba? Amekuwa akitafuta sababu tangu siku ya kwanza. Akijua nimemnyima mwanawe kilichoahidiwa, binti yangu wa kwanza atarudishwa hapa na masanduku yake kabla jua halijazama." Akanitazama sawasawa usoni. "Sikulazimishi. Ukisema, jina lako litasafishika leo hii, nami nitakuwa nimestahili. Ukinyamaza, mjomba wako aje Jumatatu. Binti zangu wote wawili wakishatulia kwa waume zao, nitatafuta mwenyewe namna ya kulisafisha jina lako, hata kama ni kujifanya nimeuokota mkufu nyuma ya kabati."

Nilifikiria jina langu. Nilifikiria wanawake wanaoshika mikoba. Kisha nikafikiria lile sikio.

"Jumatatu saa ngapi?" nikauliza.

Mama akashusha pumzi ndefu. Akafungua deki, akaitoa diski ya mainasi, akaigeuzageuza.

"Ina nakala ngapi?"

"Diski ni hiyo hiyo tu, mama. Ya kwenye kompyuta naifuta usiku huu, naapa. Ile nyingine, ya plasi, haina sehemu hii."

Akachukua mkasi wa Cherehani kwenye meza ya kushonea. Akaikata katikati, kisha vipande vinne, kisha vinane. Kila alipobana mkasi moyo wangu ulibanwa nao. Dakika zangu kumi na moja zilikuwa zinaanguka kwenye zulia, lakini nikasema moyoni, si kitu, kesho kutwa nitakuwa nalitazama sikio lenyewe.

"Mungu ni mwema," akasema mama.

"Mwema sana, mama."

Hapo mlango ukagongwa.

"Plasi! Fungua! Ni Mainasi!"

Mama akafungua. Binamu yangu akaingia anatota jasho, anacheka hadi gego la mwisho, amekumbatia rundo la diski kifuani.

"Shikamoo mama. Samahani kwa kuchelewa. Nimechoma saba kwa mpigo, zote mainasi. Leo mtaona kazi."

"Ahsante, binamu," nikasema, nimetulia kabisa. "Ile fupi, sivyo?"

"Fupi ya nini?" Akanitazama kwa huruma ya fundi anayemwonea mwenzake haya. "Nimezilinganisha zote mbili. Fupi yako imepungua dakika kumi na moja! Mimi mteja simpunji. Nimewachomea ile kamili."

Mama akashika mgongo wa kiti.

"Zilete zote hapa," nikamwambia.

Nikazihesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Nikazihesabu tena. Sita.

"Mainasi. Ya saba iko wapi?"

"Ah, hiyo nimempa yule mama mwenye kilemba cha dhahabu. Nimekutana naye getini anapanda gari. Kasema humu ndani mmemkatizia utamu katikati, anakwenda kuimalizia kwake. Nikamwambia, chukua mama, hii ni ya bure, ni heshima ya mainasi."

Mama ndiye aliyejaribu kwanza.

"Labda deki yake haiisomi."

"Usiwe na wasiwasi, mama," Mainasi akasema kwa fahari. "Hilo nilimuuliza kwanza, mimi si kama huyu. Ana deki mpya, inasoma zote, plasi na mainasi. Tena ina kitufe cha kukuza picha."

Mama akaigeuza shingo yake polepole, akanitazama. Ile sura ya afisa forodha ilikuwa imekwisha kabisa.

"Mkwe," akaniita, na ilikuwa mara yake ya kwanza, "viatu vyako viko wapi?"

Sikusubiri viatu. Nilipita uani peku, nikaruka beseni la vikombe, na nilipofika barabarani gari la Kilemba lilikuwa linakata kona.